Madaftari Kumi na Moja ya Fundi Chaki

Umetimia mwaka mmoja tangu simu ya gereza ilipoita saa nne asubuhi, mkeo akiwa anaanika nguo, na mtu asiyetaka kujitaja akamwambia, "Mgonjwa wenu amefariki. Njooni na kitambulisho." Mgonjwa! Siku zote ulikuwa mshtakiwa, mfungwa, jasusi. Ulipokufa ndipo wakakumbuka kwamba ulikuwa unaumwa.

Mwaka mmoja, ndugu yetu mpenzi. Kiti chako bado kiko pale dirishani na hakuna anayekikalia. Mama bado husema "akirudi", kisha anajishika mdomo. Familia nyingine zikiweka tangazo kama hili gazetini zinalia tu na kushukuru. Sisi tunalia na hatuna wa kumshukuru, maana kwenye faili la mahakama bado umeandikwa kwamba uliiuza nchi yako. Umezikwa na jina hilo. Kulifuta ndilo jambo pekee tunalolitaka duniani, na mpaka leo halijafutika.

Wameniachia kalamu mimi, dada yako mkubwa. "Andika wewe, una maneno," walisema. Kweli ninayo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba mdomo wangu hauna kitasa. Sisi wawili tulijua kwamba kitasa kipo.

Nianze na mazuri yako, maana ni mengi.

Ulikuwa mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Ulisoma mpaka ng'ambo, ukarudi na vyeti vitatu, na kazi waliyokupa ilikuwa visima kumi na vinne. Kila wiki ulivizungukia vyote, kwa baiskeli mwanzoni, kisha kwa pikipiki ya idara, kisha kwa baiskeli tena pikipiki ilipokufa. Kwenye kila kisima ulifanya lile lile: unapaka chaki kwenye ncha ya utepe wa chuma, unaushusha ndani, unauvuta, unatazama chaki imelowa mpaka wapi. Basi. Hapo ndipo maji yalipo. Nilikucheka mbele ya shemeji zako wote: jamani, msomi mzima, kazi yake kulowesha chaki! Wala hukukasirika. Ulisema, "Dada, wiki moja haikuambii kitu. Miaka kumi ndiyo inakuambia kama wajukuu wako watapata maji ya kunywa hapa au watahama."

Mkeo alikuwa akigeuza mifuko yako yote kabla ya kufua, na bado kila siku ya kufua nguo zote zilitoka na mabaka meupe. Kwenye harusi ya binamu yetu ulimkumbatia baba wa bibi harusi, mzee wa watu akatembea siku nzima na kiganja chako mgongoni kwenye koti jeusi. Picha zipo. Mama akiziona bado anacheka, na hicho ndicho kicheko pekee kilichobaki nyumbani.

Ulipima kila kitu. Ndoo ya kuogea, kivuli cha ukuta, urefu wa binti yako kila mwezi kwenye fremu ya mlango. Ulimwita Tone. Ulimfundisha kuandika kwa penseli tu, hata walimu wake walipomkatalia. "Wino ukipata maji unakimbia," ulimwambia. "Penseli haiogopi maji." Wewe pia hukuwahi kuandika kipimo kwa wino. Kila mwaka ulikuwa na daftari lake, lenye jalada gumu la kijani, na mwaka ukiisha ulilitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Yalifika kumi na moja. Uliyajua kama mtu anavyojua watoto wake. "Huu mwaka wa nne ulikuwa mkaidi," ungesema ukilipapasa.

Ulikuwa na miaka sita ulipopima kisima chako cha kwanza. Ulichukua ndara yangu mpya ukaidumbukiza kisimani ili uhesabu itachukua muda gani kugonga maji. Ulihesabu mpaka tatu. Mama alipouliza ndara iko wapi, nikasema nimeipoteza mwenyewe, nikachapwa fimbo kama mwizi wa kuku. Wewe ulikaa nyuma ya mlango ukilia kuliko mimi niliyechapwa.

Sasa nifike kwenye kisima cha tisa.

Mwaka wa nane wa kazi yako jeshi lilihamishia kambi upande ule wa mji, na uzio wao ukapita hatua arobaini tu kutoka kwenye kisima chako. Nilikuambia achana nacho, una vingine kumi na vitatu. Ulinitazama kana kwamba nimekuambia uachane na Tone. "Nikikiruka, Dada, miaka yote saba ya nyuma inakuwa kazi bure." Ukaendelea. Askari wa lango walikuzoea. Hao hao ndio waliokubatiza Fundi Chaki. Walikupigia saluti kwa utani, ukawapungia utepe wako. Miaka minne ikapita hivyo. Kisha akaja mkuu mpya wa kambi na walinzi wapya, na hao hawakuwa na utani na mtu.

Walikukamata Jumanne, ukiwa maabara. Walichukua daftari la kumi na mbili lililokuwa mfukoni mwako na barua pepe ulizokuwa ukimtumia mwalimu wako wa ng'ambo, yule mama mzee aliyekusanya vipimo vya maji kutoka nchi thelathini na kuvilinganisha. Mahakamani mwendesha mashtaka aliliinua daftari lile kwa vidole viwili, akasoma kwa sauti: tarehe, saa, kina, hatua. "Mtu wa maji anahesabu hatua za nini?" akauliza. Ulimweleza kwamba mchanga hufunika mdomo wa kisima, na bila hatua hutakiona tena. Watu wakaguna. Nilitamani niruke kizimbani nimkabe mtu.

Shitaka lao lilikuwa jepesi kueleweka: kwamba ulianza kwenda pale kwa sababu ya kambi, na kisima kilikuwa kisingizio. Jibu lilikuwa jepesi pia: ulikuwa ukienda pale miaka saba kabla ya kambi kuwepo. Nani atathibitisha? Mkuu wako wa maabara, aliyekula mezani kwetu mara ngapi sijui, alitazama viatu vyake akasema, "Sina kumbukumbu ya kumtuma kwenye kisima hicho." Ofisi ilikuwa imetunza jumla ya mwaka tu, bila kutaja kisima gani. Walinzi wa zamani walikuwa wamehamishwa na hakuna aliyekubali kutuambia wako wapi. Barua ya mwalimu wako ilikataliwa, eti yeye ndiye uliyekuwa ukimpelekea siri.

Yalibaki madaftari. Wakili wako, mama yule mwembamba asiyejua kuchoka, alitukalisha sebuleni akatuuliza mmoja mmoja. "Hakuna hata moja lililosalia? Hata ukurasa? Nikipata daftari moja tu la kabla ya kambi, kesi hii inaisha kabla ya chai ya saa nne." Mkeo alilia. Mama akatikisa kichwa. Na mimi nikasema hakuna.

Mnaosoma hili mlisoma pia wakati ule, maana magazeti yaliandika kwa herufi kubwa: mshtakiwa alikiri kuyachoma madaftari yake asubuhi ya siku aliyokamatwa. Ndicho kilichokumaliza. Jaji alisema mtu asiye na la kuficha hachomi maandishi yake. Miaka kumi kwa ujasusi, miwili juu yake kwa kuharibu ushahidi.

Niliyachoma mimi.

Haya, nimeisema. Niliyachoma mimi dada yako, kwenye jiko la mkaa, uani, mchana kweupe.

Mfagiaji wa maabara ndiye aliyenipigia simu, amejifungia chooni, ananong'ona: "Dada, wamemfunga pingu. Wanakuja nyumbani kutafuta maandishi." Mkeo alikuwa zamu hospitali, Tone shuleni, Mama amelala. Nilisikia neno moja tu, maandishi. Sikujua ndani ya madaftari yale mna nini. Sikuwahi kuyafungua maishani mwangu. Nilipoyafunua siku ile niliona tu tarakimu, tarakimu, tarakimu, na nikajiambia tarakimu ndizo zitakazomnyonga ndugu yangu.

Kwanza sikuwaza moto. Niliyatumbukiza kwenye karai na kuyafua, nakuapia, niliyafua kwa sabuni kama soksi. Nikasugua mpaka vidole vikachubuka. Yale maandishi yakagoma! Yamekaa vile vile, safi, ya kijivu, kila siku ya kila mwaka. Nikakulaani wewe na penseli zako, Mungu anisamehe. Ndipo nikayachanachana, nikayamwagia mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa yamelowa, nikayachoma kumi na moja yote. Niliona nakuokoa. Nilikuwa nautia motoni utetezi wako wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, na bado nilikuwa napepea.

Walifika saa tisa alasiri, wanaume wanne, na wewe katikati yao na pingu, chaki bado iko kwenye suruali. Afisa wao alikuwa na koti la mirabamiraba. Alichuchumaa kando ya jiko pale uani, akatia kidole kwenye majivu, akakitoa haraka na kukipuliza. "Nani kachoma?"

Nilikuwa na mdomo wazi. Neno lilikuwa hapa, kooni. Wewe ulilitazama sanduku la bati lililo wazi kando yangu, ukayatazama majivu, ukaitazama mikono yangu iliyochubuka, yenye masizi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Halafu ukasema, "Mimi. Nimechoma asubuhi, kabla ya kwenda kazini."

Afisa alikuwa bado anapuliza kidole chake. Alinitazama mimi. Kisha akatoa kalamu. "Asubuhi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

Wewe usiyedanganya hata sentimita moja! Na yeye akaandika. Majivu yamemuunguza, amechuchumaa karibu na karai lililojaa maji ya kijivu, na akaandika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akapiga na mstari chini yake. Alijua. Alijua kama ninavyojua mimi, na uongo ule ulimfaa kuliko ukweli.

Nilipokuja kukutembelea mara ya kwanza, tukiwa na wavu katikati, nilikuambia nakwenda kusema. Ulinikatalia. "Wakikuchukua na wewe, Mama anabaki na nani? Mke wangu yuko zamu usiku na mchana. Tone je?" Nikaanza kulia. Ukacheka kidogo, kile kicheko chako cha puani. "Kumbuka ile ndara, Dada. Sasa tuko sawa." Nikakujibu kwa hasira mpaka askari akageuka: "Sawa gani? Ndara na maisha ya mtu?" Ukasema, "Nyamaza, nakuomba." Nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri mno, ndugu yangu, maana kusema kweli niliogopa pia, na ombi lako lilinipa pa kujificha.

Na huku nikipigania haki yako! Watu wa mtaa wetu ni mashahidi. Nani alishika bango refu kuliko yote mbele ya mahakama? Nani alimfokea karani mpaka akafunga dirisha? Wenzako wa fani yako kutoka kila pembe ya dunia walitia saini barua, mkeo akaipeleka ofisi saba, na kila ofisi nilikuwa nyuma yake nikipiga kelele. Nilipiga kelele kuliko wote ili nisijisikie. Majirani waliacha kutusalimia. Tone akaitwa mtoto wa jasusi mpaka tukamhamisha shule, na huko pia wakajua. Kila jioni alikuwa akiniuliza, "Shangazi, kwa nini Baba aliyachoma?" Nami nikimwambia kula, chakula kinapoa.

Gerezani walikukataza kuandika tarakimu. Hilo sitalisahau. Barua yoyote yenye namba ilirudishwa, wakisema jasusi anatuma ujumbe. Mtu aliyeishi kwa vipimo! Ukamwandikia Tone siku yake ya kuzaliwa, "Hongera kwa kufikisha umri wako mpya," kwa sababu hukuruhusiwa kusema kumi na mbili. Ukamwandikia mkeo, "Nimelala hapa siku nyingi, kesho zitakuwa nyingi zaidi." Barua ya mwisho iliandikwa na mwenzako wa chumba, kwa sababu kifua kilikuwa hakikuachi ushike penseli. Ulituomba tukutazamie kisima cha uani, kama maji yameshuka. Hukuuliza yameshuka kiasi gani. Ulijua hatungeweza kukujibu.

Ulikufa siku kumi na tisa kabla ya rufaa kusikilizwa. Tulikwenda hata hivyo, siku ile ile iliyopangwa, tumevaa nguo za msiba. Jaji alisoma karatasi moja: mrufani amefariki, rufaa imefungwa. Dakika mbili, pamoja na kukohoa. Wakili wako aliketi akaweka uso kwenye faili. Mama akauliza kwa sauti, "Imefungwa? Kwani ilifunguliwa lini?" Akatolewa nje.

Tangu hapo sina usingizi wala hamu ya kitu. Kila nikiwasha jiko naiona ile mikono yangu. Nilidhani kifo chako kitanifungua mdomo, kikaniziba zaidi, maana kabla ya hapo ningeweza kukutoa, na sasa ningekuwa najitoa mwenyewe tu. Mwaka mzima umepita hivyo. Wiki iliyopita, waliponipa kalamu na kusema niandike jinsi tulivyokupenda, nilishindwa kuandika mstari wa kwanza. Nikamwita Mama, nikamwita wifi yangu, nikamwita Tone, nikawaambia yote niliyoandika hapa.

 Mama aliinuka akaenda chumbani kwake, na nikamsikia akigeuza kiti chake kielekee ukutani. Tone alitaka kujua jambo moja: "Baba alijua tangu siku ile?" Nikasema ndiyo. Akaenda mlangoni akasimama kwenye alama zake za penseli, muda mrefu, ametugeuzia mgongo.

Mkeo alimaliza kukunja shuka aliyokuwa anakunja. "Andika," akaniambia. "Weka gazetini. Lakini usiandike kwamba nimekusamehe." Basi siandiki.

Jumatatu asubuhi ninakwenda na wakili kwenye masjala ya mahakama kupeleka hati ya kiapo. Amenieleza wazi, hakunitia moyo wa bure. Kesi ya marehemu haifunguki kirahisi, afisa yule wa koti la mirabamiraba amekwisha kupanda cheo, na karatasi yangu inaweza isifanye lolote zaidi ya kunifungulia mashtaka mimi. Nimemwambia wanifungulie. Wakinishtaki kwa kuchoma madaftari, itabidi mtu aulize mahakamani, kwa mara ya kwanza, ndani yake kulikuwa na nini. Nami nitasema: maji, mheshimiwa. Miaka kumi na moja ya maji. Sidhani kama watauliza. Nakwenda hivyo hivyo.

Kisima cha uani kimeshuka, mdogo wangu. Tone anakipima kila Jumapili kwa utepe wako na chaki. Sasa naruhusiwa kukuandikia tarakimu: mita nane na sentimita arobaini na moja.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, anayelaza mto wako kitandani kwake. Na mkeo, ambaye hajanisamehe. Na binti yako Tone. Na mwalimu wako wa ng'ambo, anayeacha nafasi ya kisima cha tisa wazi kwenye orodha yake. Na mfagiaji wa maabara, mtu pekee wa kazini kwako aliyefika kaburini. Na mimi dada yako, wa mwisho kutajwa, kwa haki.

Siku zote za maisha yetu hutatutoka moyoni. Na kila anayesoma aliweke hili akilini pamoja nasi: hukuyachoma wewe.